Gharama za uendeshaji kwenye miradi ya NGO zetu za Kanda ya Ziwa: pango, mhasibu na mkaguzi nani alipe?

MhasibuWaZiwa (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu. Naleta hii mada kwa uchungu kabisa maana naona asasi nzuri za hapa Mwanza zinarudisha funguo za ofisi kwa mwenye nyumba wakati zina miradi inaendelea na hela benki ipo. Ipo lakini ni ya shughuli tu, huruhusiwi kuigusa kulipia pango. Mimi ni mhasibu, natunza vitabu vya asasi ndogo ndogo, nyingi za Ilemela na Nyamagana, chache Sengerema na Misungwi, na kila msimu wa bajeti tunakwama palepale.

Mfadhili anakwambia nalipa mafunzo, nalipa pampu, nalipa usafiri wa fildi, ila mshahara wa mhasibu hapana, pango hapana, mlinzi hapana, mkaguzi hapana. Haya, geuza ukurasa wa mkataba uone anavyovitaka: ripoti ya fedha kila robo mwaka, akaunti ya benki ya peke yake, mahesabu yaliyokaguliwa, sera ya manunuzi, sera ya kulinda watoto, na hati zote zitunzwe miaka kadhaa baada ya mradi kuisha. Sasa hivyo vyote anavifanya nani na anakaa chini ya mti gani?

Na sio mfadhili peke yake, nchi nayo ina madai yake na ni ya haki. Sheria ya NGO Na. 24 ya 2002 na marekebisho yake ya 2019 inataka taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa, kuna ada ya mwaka, na kanuni za 2018 zinataka mkataba wa fedha unaozidi milioni 20 upelekwe kwa Msajili. Ukiajiri mtu kuna NSSF asilimia 20 ya mshahara na mwajiri unabeba angalau 10, kuna WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), kuna PAYE (kodi ya mshahara) ya kukata na kupeleka kila mwezi. Ukipanga ofisi kuna kodi ya zuio asilimia 10 ya pango inaenda TRA, kwa utaratibu inatoka kwenye hela ya mwenye nyumba lakini wote tunajua wenye nyumba wa mjini hapa wanataka hela yao kamili mkononi kwahiyo mpangaji unajikuta unaongeza wewe. Hakuna anasa hata moja hapo.

Kuna watu wanadhani ukitaja gharama za uendeshaji umeomba rushwa, sasa tuangalie wakubwa wanalipaje. Umoja wa Ulaya kwenye ruzuku zake za nje unaruhusu hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja. Serikali ya Marekani, kwa asasi ambayo haijajadiliana nayo kiwango chake yenyewe, ilikuwa inaruhusu asilimia 10 na kuanzia Oktoba 1, 2024 ikapandisha hadi 15. Gates Foundation kwa NGO wanaenda hadi 15. Ford Foundation walikuwa 10, wakaenda 20, kuanzia 2023 wakaweka 25. MacArthur wao 29. Kwahiyo suala la kama kazi ina gharama zake lilishaisha kwa hawa, wanabishana kiwango tu. Sifuri tunaipata zaidi kwa wafadhili wadogo, vikundi vya marafiki wa shule fulani, makanisa, klabu za hisani, watu wazuri sana na wana moyo ila wamewaahidi wachangiaji wao kwamba kila senti inaenda kwa mlengwa, na ahadi hiyo tunailipia sisi.

Hoja yangu ni hii na nitaisimamia: tusianze kwa kuomba asilimia. Tuanze kwa kujua gharama zetu, kila kinachogawika kiingie ndani ya mradi kama gharama ya mradi, kinachobaki ndo tukiombee asilimia. Asasi nyingi zinafanya kinyume, zinajaza shughuli kwanza halafu mwishoni zinabandika asilimia 10 isiyo na hesabu nyuma yake, mfadhili akiuliza hiyo ya nini mkurugenzi anajing'ata, inakatwa.

Kivitendo iko hivi. Gharama zako zigawe mafungu matatu. La kwanza ni za mradi wazi wazi, hizo hazina ubishi. La pili ni za pamoja, pango, LUKU, maji, bando, mlinzi, dereva, mhasibu, kila mradi unazitumia na unaweza kupima unatumia kiasi gani. La tatu ni zile ambazo asasi ingekuwa nazo hata kama ina mradi mmoja tu: ukaguzi wa asasi nzima, vikao vya bodi, ada ya Msajili, muda wa mkurugenzi wa kutafuta fedha, mfumo wa uhasibu. Watu wanachanganya la pili na la tatu wanaliita lote "admin", wanaliombea asilimia moja, halafu halitoshi.

Fungu la pili ndo lenye hela mmeikalia. Chukua mfano asasi ina watu 8, wanne mradi wa maji mashuleni, watatu mradi wa kichocho, mmoja wa ofisi. Pango laki nane kwa mwezi. Kwa idadi ya watu mradi wa maji unabeba 400,000, kichocho 300,000, ofisi 100,000. Kwenye andiko huandiki "overhead" (yaani gharama za uendeshaji), unaandika "sehemu ya pango la ofisi ya mradi, asilimia 50, miezi 12". Mhasibu naye anajaza taimshiti, siku ngapi kafanya mradi upi, mshahara unafuata siku. Mfadhili anayekataa asilimia mara nyingi huu mstari anaupitisha kwa sababu anaona kitu chenyewe.

Ila lazima karatasi ziwepo. Umenunua LUKU ya 80,000: hati ya malipo moja, nyuma umepini risiti yenye tokeni uliyoiprinti maana meseji ya simu inafutika. Juu ya hati unaandika kwa kalamu Maji 50% 40,000, Kichocho 37.5% 30,000, Ofisi 12.5% 10,000, jumla 80,000. Mhuri wa kila mradi unagongwa pembeni ya kiasi chake, aliyeandaa anasaini, aliyeidhinisha anasaini, na wasiwe mtu mmoja. Halisi inakaa faili la pamoja, kopi inaingia faili la kila mradi na imeandikwa namba ya faili yenye halisi. Mkaguzi akija hata kama LUKU ni hela ndogo anaona mmeigawa kwa kanuni moja mwaka mzima, hapo anatulia. Kinachomshtua ni mwezi huu 50, mwezi ujao 80 kwa sababu mradi mmoja umebakiwa na hela.

Fungu la tatu nalo lina hesabu yake. Sema miradi yote miwili ina gharama za moja kwa moja milioni 200 kwa mwaka, maji 120 na kichocho 80, humo tayari umeshaingiza fungu la pili. Fungu la tatu ni milioni 34. Gawa 34 kwa 200 unapata asilimia 17, hicho ndo kiwango chako cha kweli. Sasa mfadhili wa maji anakupa 7, yaani milioni 8.4 wakati sehemu yake ni 20.4. Wa kichocho anakupa 10, yaani 8 wakati sehemu yake ni 13.6. Pungufu ni milioni 17.6 kwa mwaka. Hiyo 17.6 inatoka wapi? Inatoka kwenye mshahara wa mkurugenzi aliokubali kutolipwa, NSSF iliyolimbikizwa hadi inapigwa faini, laptopu za zamani zinazopoteza data. Ndo maana nasema tuongee.

---

KirumbaMwaloni

Mleta uzi nimekusoma mpaka mwisho ila nikwambie na sisi wa mtaani tunavyoona. Huku Kirumba tunaona magari ya NGO yamepaki hotelini, semina, wiki ijayo semina tena, watu wanapewa begi na posho, halafu mama anayeanika dagaa mwaloni hata choo cha maana hana. Ukiwaambia waongezewe asilimia 15 ya ofisi si ndo semina zitaongezeka? Mimi nikichanga elfu kumi yangu kanisani nataka imfikie mgonjwa, sio mlinzi wa geti.

---

MhasibuWaZiwa

Kaka KirumbaMwaloni hapo umegusa penyewe na sikupingi kuhusu semina, nimeziona na mimi. Ila naomba uangalie jambo moja. Hizo semina, ukumbi, chai ya saa nne, posho, mabegi, kwenye bajeti zinakaa fungu gani? Zinakaa kwenye shughuli, gharama za moja kwa moja za mradi. Asasi yenye semina hamsini kwa mwaka na haina mhasibu itatoa ripoti inayosema asilimia 97 imeenda kwa walengwa na 3 tu uendeshaji, na mfadhili atafurahi. Asasi nyingine imejenga vyoo, ina mhasibu na mkaguzi anayekuja kuhesabu mifuko ya saruji, itaonyesha 20 uendeshaji na itaonekana ina tamaa.

Mwaka 2013 mashirika matatu ya Marekani yanayowasaidia wachangiaji kuzipima asasi, GuideStar, Charity Navigator na BBB Wise Giving Alliance, yalitoa barua ya wazi kuwaomba wachangiaji waache kupima asasi kwa asilimia ya uendeshaji peke yake waangalie matokeo, uwazi na uongozi. Hawa ndo wenye kazi ya kupima na wao wenyewe wakasema kipimo hiki hakitoshi.

Elfu kumi yako ukitaka imfikie mgonjwa basi lazima kuwe na mtu ameajiriwa kuangalia kama imemfika. Huyo mtu analipwa. Kama unataka kuwabana, na uwabane kweli, usiulize mnatumia asilimia ngapi ofisini, omba ripoti ya mkaguzi, uliza walengwa wangapi na nani kawahesabu, uliza semina ile ilibadilisha nini. Asasi yenye mpangilio itakujibu, na hiyo itakuwa ina mhasibu.

---

DadaWaUkara

Naomba na sisi wa visiwani tusikilizwe. Kikundi chetu ni kidogo tumesajiliwa kabisa, tunafanya kazi na mabinti kwenye kambi za uvuvi. Hela tunazipata kupitia asasi moja kubwa iko huko mjini, siitaji. Wao kwa mfadhili wanapata asilimia zao za ofisi na tunajua maana bajeti tuliiona, sisi tunapewa ya shughuli tu, hata vocha hamna. Ripoti wanataka kila mwezi na risiti za EFD, jamani mwaloni nani ana mashine ya EFD? Kutoa hela benki navuka na kivuko kutoka Bwisya mpaka Bugolora, halafu gari hadi Nansio, nikikuta mtandao benki haupo nalala kwa ndugu narudi kesho yake. Nauli hiyo ni yangu. Kazi kubwa inafanyika huku kisiwani ila gharama ya ofisi inahesabika iko mjini peke yake.

---

MhasibuWaZiwa

Dada pole sana na asante kwa kusema, hili ndo linaloniuma zaidi kwenye sekta yetu maana hapa wanaonyimana ni sisi kwa sisi. Asasi ya mjini inalalamika mzungu hanilipii ofisi, halafu yenyewe ikigawa ruzuku inafanya vile vile.

Kwanza jua kwamba una pa kushika. Kama hela ya juu inatoka serikali ya Marekani kanuni zao zinamtaka anayepokea na kugawa ampe na wa chini kiwango chake kilichokubaliwa au kile cha jumla, hana ruhusa ya kubaki nacho chote. Upande wa misaada ya dharura, IASC, ile kamati inayokutanisha mashirika ya UN na asasi kubwa, 2022 ilitoa mwongozo kwamba asasi za kienyeji wapewe sehemu yao ya gharama za uendeshaji. Mwongozo sio sheria lakini ukiutaja kwenye barua pepe kwa heshima watu wanakaa vizuri kwenye viti.

Pili, nauli ya Bwisya mpaka Nansio wala sio ya uendeshaji, hiyo ni gharama ya mradi wazi wazi, bila wewe kuvuka hakuna hela ya shughuli. Andika mstari "usafiri wa kibenki na ripoti", nauli ya kwenda na kurudi na usiku mmoja wa dharura, mara idadi ya miezi. Wengi wanaona aibu kuandika hivi vitu wanavibeba mfukoni. Na risiti, muombe mgawaji akubali kwa maandishi *kabla ya kusaini* fomu ya malipo isiyo na EFD kwa maeneo ya mwalo, yenye jina, simu, saini au dole gumba na shahidi wa BMU (kamati ya wavuvi ya kusimamia mwalo) au serikali ya kijiji. Ikiwa ndani ya mkataba mkaguzi ataiheshimu. Mkishasaini ndo uanze kuomba, utahangaika.

Na nyie wakurugenzi wa mjini mnaosoma hapa kimya kimya: kama mnapata 10 na nusu ya kazi inafanyika kisiwani, basi kwenye ile hela mnayomshushia mwenzenu mpeni sehemu ya ile 10. Mnabaki na kidogo cha kumsimamia, inatosha.

---

InjiniArobaini

Naunga mkono hoja, na niongezee la boti maana mimi ndo nahodha na fundi wa asasi moja sijui niiteje. Tulipewa boti ya faiba na injini mpya, sherehe kubwa, mpaka mkuu wa wilaya alikuja. Bajeti ya mafuta iliwekwa ya mwaka mmoja, sevisi hakuna kabisa, yaani plagi, oili ya giaboksi, propela ikigonga jiwe, maboya ya kuokolea yakichakaa, ukaguzi wa TASAC (wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini), hakuna. Mradi umeisha boti imelala mchangani imefunikwa turubai na kituo cha afya kisiwani kinahitaji boti hiyo leo hii. Mfadhili akija anapiga picha na nembo yake bado inaonekana vizuri.

---

MhasibuWaZiwa

Mkuu InjiniArobaini, watu hawajui kwamba hata hiyo asilimia ya uendeshaji mara nyingi haihesabiwi juu ya vifaa vikubwa. Kwenye kanuni za Marekani ununuzi wa vifaa vya mtaji unatolewa kwanza ndo asilimia ipigwe kwenye kilichobaki. Kwahiyo mradi wa milioni 100 wenye boti ya milioni 60, ile 15 yako inapigwa kwenye 40 tu, unapata milioni 6 sio 15. Mkurugenzi aliyekariri "tunapata asilimia 15" anakuja kushtuka mwisho.

Dawa ya boti ni bei kwa saa. Mnachukua mafuta, oili, sevisi, ukaguzi, bima, posho ya nahodha na akiba ya kununua injini nyingine ikichoka, mnagawa kwa saa mnazotegemea boti kutembea kwa mwaka, mnapata gharama ya saa moja. Kila mradi unaoitumia unalipa kwa saa zake na kitabu cha safari kinajazwa, nani kaenda wapi, katoka saa ngapi karudi saa ngapi, mradi upi. Kwa gari ni hivyo hivyo kwa kilomita. Ile akiba ya injini wengine hawaikubali kama mfadhili ndo alinunua injini ya kwanza, soma mkataba, ila sevisi hakuna wa kuikataa ukiiandika mapema.

---

MwanaNyamaganaUghaibuni

Nawasoma nikiwa Ujerumani. Tuna kikundi chetu cha Watanzania na marafiki, tunachanga kusaidia shule mbili Magu na moja Kwimba. Tatizo letu ni hilo ulilosema, tuliwaambia watu asilimia 100 inafika. Sasa mwalimu anayesimamia huko anatumia simu yake, muda wake, boda boda yake. Tunajisikia vibaya ila tukibadilisha ahadi tunaogopa watu watatukimbia. Tunafanyaje?

---

MhasibuWaZiwa

Asante mkuu kwa kuuliza kutokea upande wa kutoa, ni wachache wanauliza.

Kuna njia ya kuitunza ahadi bila kumnyonya mtu. Charity: water ya New York tangu ianze 2006 hela ya mchangiaji wa kawaida inaenda yote kwenye maji, ila wana kundi la pembeni la wafadhili binafsi ambao wao wamekubali kwa hiari kulipia ofisi na mishahara. Asilimia 100 ipo ya kweli kwa sababu kuna mtu mwingine anailipia hiyo sifuri. Nyie kwa udogo wenu watu watano wa kamati mkichanga cha kwenu pembeni kila mwezi, mkakiita mfuko wa uendeshaji, mwalimu wa Magu akapata vocha, mafuta na kitu kidogo cha muda wake, ahadi imebaki salama.

Njia nyingine, na mimi naipenda zaidi, ni kuwaambia wachangiaji ukweli wote. Msiandike "overhead", andikeni kazi yenyewe: katika kila euro 10, 8.50 inanunua madawati na kujenga tenki, 1.50 inamlipa mtu wa kununua kwa bei nzuri, kusimamia fundi na kuwaletea nyie picha na risiti. Wachangiaji sio wabaya, wamezoeshwa tu na sisi wenyewe.

Kitu cha kuangalia, mkikubaliana asilimia semeni ni asilimia ya nini. Asilimia 10 ya gharama za moja kwa moja na asilimia 10 ya jumla yote ni hela tofauti. Kwenye jumla ya milioni 100, asilimia 10 ya jumla ni milioni 10 kamili, lakini kama ni 10 juu ya gharama za moja kwa moja ni kama milioni 9.1. Laki tisa hapo ni pango la mwezi mzima na chenji.

---

MzeeWaBodi

Shikamooni kwa mnaostahili, marahaba kwa vijana. Nimekaa kwenye bodi za asasi hapa Mwanza kwa muda mrefu. Naomba kijana wetu mhasibu agusie akiba. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje niliona asasi zilizokuwa zimetundika pango lote na mishahara yote ya ofisi kwenye mradi mmoja wa USAID. Barua ya kusimamisha kazi imekuja ghafla, mkataba wa pango bado, wafanyakazi wana haki ya notisi, gari lina mafuta ila hakuna ruhusa ya kuliwasha. Kugawa gharama kwenye miradi ni vizuri lakini mradi ukiondoka unaondoka na sehemu yake ya ofisi.

---

MhasibuWaZiwa

Shikamoo mzee wangu. Ni kweli na ndio maana lile fungu la tatu tusiliache hata kama tumefanikiwa kugawa la pili. Uzuri wa hela ya asilimia bapa, yaani kiwango kimoja kilichopangwa, ya Ulaya au ile ya jumla ya Marekani, ni kwamba haidaiwi risiti moja moja. Ukishaipata kihalali kwa kutumia gharama za mradi zilizokubaliwa, ikibaki inabaki ya asasi. Asasi nyingi hawajui, mwisho wa mradi wanaikimbiza wanunue viti ili "isirudi". Isinunue viti. Bodi ipitishe azimio, ihamie akaunti ya akiba, kila mwaka kidogo, lengo liwe angalau miezi mitatu ya pango, mishahara ya ofisi na notisi. Na bodi ndo iwe mlinzi wa hiyo akaunti, mkurugenzi asiitoe bila kikao.

Wengine wanaongeza mapato ya kwao, wanakodisha ukumbi, viti, projekta, wanafanyia taasisi nyingine tafiti ndogo. Safi, ila kuweni waangalifu, kuwa na cheti cha NGO hakukuondolei kodi ya mapato, hadhi ya taasisi ya hisani inaombwa TRA na Kamishna ndo anaamua. Nendeni mkaulize mapema.

Na hela za bure ambazo hatuzihesabu: chumba mlichopewa na parokia, mkaguzi aliyewapunguzia nusu ya ada, wakili anayewasainia mikataba bila malipo. Andikeni thamani yake kwenye vitabu kama mchango wa asasi. Wafadhili wengi wanataka uchangie asilimia fulani ya mradi, na nyie mnakaa mnasema hatuna kitu wakati mnacho.

Jambo moja la kukataa kabisa, na hapa sina lugha ya upole: risiti moja isilipwe na wafadhili wawili. Pango limeshaingia kama mstari wa mradi halafu umelihesabu tena ndani ya asilimia, hiyo ni kulipwa mara mbili. Ikigundulika asasi inarudisha hela, inaingia orodha mbaya na inawachafua na wengine wote wa Kanda ya Ziwa ambao hawakuhusika.

---

Buhongwa_Dada

Mhasibu Mungu akubariki. Nina swali la haraka, natuma andiko Ijumaa. Fomu ya mfadhili ni ya mtandaoni, ina vipengele vinne tu: wafanyakazi, vifaa, usafiri, shughuli. Hakuna pa kuweka ofisi na hakuna pa asilimia. Imeandikwa chini "hatufadhili gharama za utawala". Nifanye nini?

---

MhasibuWaZiwa

Dada Ijumaa karibu sana ila inawezekana. Kwenye wafanyakazi mweke afisa mradi kwa asilimia 100, mhasibu kwa asilimia ya siku atakazofanya mradi huo tu, na mkurugenzi kwa siku za kusimamia mradi huo tu, zile za kutafuta fedha usiziingize. Mshahara uandike ukiwa na NSSF na WCF ya mwajiri ndani, watu wanasahau halafu asilimia 10 wanaitafuta mitaani. Kwenye shughuli weka mstari "ufuatiliaji, ripoti na ukaguzi wa mradi", hiyo ni shughuli halali na wao wenyewe wanaidai. Sehemu ya pango iweke kwenye vifaa kama "eneo la kazi na kuhifadhia vifaa vya mradi" kama kweli vifaa vitakaa hapo, kama havikai usiandike. Makato ya benki nayo yaweke, kupokea hela kutoka nje kuna gharama.

Ila usifiche. Leo kabla ya saa kumi mwandikie afisa wao barua pepe fupi, mwambie katika bajeti yetu muda wa mhasibu na sehemu ya pango tumezihesabu kama gharama za moja kwa moja kwa mgawanyo huu na huu, je inakubalika kwenu. Akisema ndiyo, printi jibu lake weka kwenye faili. Akisema hapana, bora ujue leo, hapo unapunguza ukubwa wa mradi, shule nne badala ya sita, wenye gharama zake zote kuliko kuahidi sita utakazozibeba kwa mshahara wako.

Akikujibu njoo utuwekee hapa alichosema, jina la mfadhili toa, maneno yake tu yanatosha, kuna wengi wanajaza fomu kama hiyo wiki hii.